Shoo kumi na tatu na mdomo uliopasuka

Mpiga gitaa aligeuka kumtazama mpiga ngoma, na shingo ya gitaa lake ikagonga tarumbeta langu kwa chini. Huwezi kumlaumu. Jukwaa lilikuwa dogo na sote tulikuwa tumebanana. Ubaya ni kwamba nilikuwa katikati ya noti ndefu, mausipisi, kile kikombe cha chuma cha kupulizia, imekaa mdomoni, na nguvu yote ya kile kishindo ikapita kwenye chuma mpaka kwenye mdomo wa juu, ambao nao nyuma yake kulikuwa na jino. Nilionja damu kabla sijasikia maumivu. Ilikuwa shoo ya 6 katika ziara ya shoo 19.

Nimeishi kwa tarumbeta miaka mingi, mingi zaidi ikiwa ya barabarani, na vijana ninaowafundisha huniuliza swali hilo hilo: ukiumia mdomo ziara ikiwa katikati, unafanyaje? Huwa najibu kwa kuuliza: umeumia nini hasa? Maana mdomo kupasuka, mdomo kuvimba na msuli wa mdomo kuchanika ni mambo matatu tofauti, na mtu anayeyachanganya anaweza kupoteza kazi yake yote kwa sababu ya wiki mbili za ubishi.

Tuanze na namna sauti inavyopatikana. Tarumbeta lenyewe ni bomba tu, karibu mita moja na nusu ukilinyoosha. Kinacholia ni nyama ya midomo yako, ile inayokaa ndani ya duara la mausipisi lenye upana wa milimita 16 au 17 hivi. Pumzi ikipita hapo, nyama inatikisika. Ile noti ya C ya chini tunayoanza nayo siku ya kwanza ya masomo inaitikisa kama mara 233 kwa sekunde. Panda oktavu mbili, yaani ngazi mbili nzima za noti, ufike kwenye ile C ambayo watu hugeuka kumtazama aliyeipiga, na sasa ni kama mara 932 kwa sekunde. Nyama iliyovimba ni nzito. Ukiidai mitikisiko mia tisa kwa sekunde inachelewa kuanza: kwanza unasikia upepo mtupu, kisha noti inaruka nje ghafla kama mlango uliokuwa umekwama.

Hapo ndipo mkono wa kushoto unapokuponza. Ndio ulioshika chombo, na noti ikigoma unakivuta kuelekea usoni bila kukuuliza. Noti inatoka, kweli. Kwa nyimbo mbili unajiona umepona. Lakini mausipisi iliyogandamizwa inazuia damu isifike kwenye msuli unaofanya kazi, msuli unachoka mapema, na ukiushusha mkono damu inarudi kwa pupa na uvimbe unaongezeka. Kesho utahitaji kugandamiza zaidi ili upate noti ile ile. Ni mkopo wa riba ya kila siku, na mkopeshaji haongei mpaka siku anapokuja kuchukua vyombo.

Mimi niliukopa usiku ule ule. Nilimaliza shoo, nikatabasamu, nikapanda basi bila kumwambia mtu. Shoo ya 7 nilibana nikaimaliza. Shoo ya 8 sikuwa na kitu chochote juu ya noti ya G, na kwenye wimbo wa mwisho niliweka tarumbeta mdomoni, nikachezesha vidole kwenye vali, vile vitufe vya kubonyeza, na kujifanya napiga. Ukumbini hakuna aliyejua. Mpiga sakso aliyekuwa pembeni yangu alijua, kwa sababu alisikia tundu mahali ambapo siku zote huwa kuna mtu. Hakusema neno. Kwenye basi akanipa chupa ya maji ya barafu niiweke mdomoni, akalala.

Kwa nini nilinyamaza? Hofu, si kingine. Barabarani unalipwa kwa shoo, na kila mpulizaji anajua kwamba yupo mwingine nyumbani anayesubiri simu.

Siku iliyofuata ilikuwa ya safari tu, nikapata nafasi ya kumwona daktari. Hakuanza na kidonda. Aliniambia nikunje midomo kama ninayetaka kupiga mluzi, akapitisha kidole taratibu juu ya mdomo wa juu kutoka kona hadi kona. Alikuwa akitafuta bonde. Msuli unaozunguka kinywa ukichanika, huwa kuna sehemu inayobonyea mdomo unapokunjwa, na mwenyewe unaona dalili nyingine: noti za juu zimepotea kwa mkupuo, upepo unavuja pahala pamoja, mshiko wa midomo hauna nguvu hata baada ya kupumzika. Mwaka 1982 daktari wa upasuaji Jaime Planas aliandika juu ya jeraha hili kwa wapiga tarumbeta na kulipa jina la utani la mpiga tarumbeta mashuhuri Louis Armstrong, Satchmo. Msuli ukichanika kweli, hakuna ujanja wa jukwaani utakaoushona. Unarudi nyumbani, unamwona anayejua kazi hiyo, pengine unaishia kwenye upasuaji na miezi mingi ya kuanza upya.

Langu halikuwa hilo. Nilikuwa na mpasuko upande wa ndani na uvimbe. Daktari angependa nipumzike wiki mbili kamili. Nilimwambia nina shoo 11. Akanyamaza kidogo, akasema kama nitapiga basi nipige kidogo, nisuuze kinywa kwa maji ya chumvi, na nikiona usaha au homa nisipige hata noti moja.

Hilo la mwisho nalisisitiza kwa sababu ya Freddie Hubbard. Mwaka 1992 mdomo wake wa juu ulipasuka, akaendelea kupiga, na kidonda kikaingia vijidudu. Alikuwa mmoja wa wapulizaji wenye nguvu kuliko wote waliowahi kushika chombo hiki, na hakupata tena mdomo aliokuwa nao. Sasa fikiria kilichomo ndani ya tarumbeta lako: mate ya miezi, utando wa kijani ndani ya bomba la kwanza. Usiku ule nilifanya jambo ambalo wengi wetu tunalihubiri bila kulifanya. Nilivuta mabomba yote, nikayasugua kwa maji ya moto na sabuni kwenye sinki la bafuni, na kuanzia hapo mausipisi nikawa naiosha kabla na baada ya kila shoo. Maji yaliyotoka mara ya kwanza sitaki kuyaeleza.

Asubuhi nikamfuata kiongozi wa bendi.

“Mzee, mdomo umepasuka. Tangu shoo ya 6.”

“Na unaniambia leo?”

Sikuwa na jibu.

“Haya. Kaa na mwenzako mgawane. Saa kumi nataka kujua nani anapiga nini.”

Mwenzangu ni kijana aliyekuwa anapiga tarumbeta la pili. Tulikaa kiti cha nyuma cha basi na karatasi za nyimbo 22 mapajani, penseli moja, raba moja. Nilidhani tutabadilishana sehemu nzima nzima, yeye apige za kwanza, mimi za pili. Yeye ndiye aliyeona mbali. “Kaka, tusihesabu nyimbo, tuhesabu noti.” Tulipohesabu, tuligundua nyimbo nne tu ndizo zilizokuwa zinakula karibu noti zote za juu za usiku mzima, na tatu kati ya hizo zilifuatana. Kwa hiyo alichukua vilele vya hizo nne, mimi nikabaki na nyimbo zangu nyingine. Pale tulipopiga kwa umoja, mimi nilishuka oktavu moja. Mahali ambapo kwaya ya vyombo ilirudiwa mara tatu, nilikaa kimya mzunguko wa pili. Solo mbili nilizihamishia kwenye flugelihoni, chombo chenye mausipisi ya kina zaidi na sauti pana, ambacho hakuna msikilizaji anayekitarajia kupiga kelele. Solo ya tatu niliiweka kwenye myuti ya chuma, kizibo cha kupunguza sauti, pua yake ikikaribia kugusa maikrofoni. Ukipuliza hivyo kwa upole, fundi mitambo anakufanyia nguvu zilizobaki.

Fundi mitambo ndiye mtu wa pili wa kumwambia ukweli baada ya kiongozi, na wengi hawamfikirii kabisa. Mpulizaji asiyejisikia hupuliza kwa nguvu zaidi, iwe anajua au hajui. Dizzy Gillespie alipopindiwa tarumbeta lake mwaka 1953 na mtu aliyeliangukia, alilipenda kwa sababu kengele, ule mdomo mpana wa kutolea sauti, iliyoelekea juu ilimrudishia sauti yake masikioni mapema. Akaagiza mengine ya namna hiyo. Sisi wengine tunategemea spika iliyo miguuni. Nilimwomba fundi anipandishie tarumbeta langu kwenye spika yangu na kulishusha gitaa. (Gitaa lile lile, ndiyo. Nilifurahi kidogo.) Usiku huo nilishangaa jinsi nilivyokuwa nimezoea kupigana na sauti ambayo ingeweza kupunguzwa kwa kugeuza kitufe.

Kuna mwizi mwingine: kujaribu mitambo jioni. Tunaita majaribio, lakini ukikaa na saa utakuta mpulizaji anapiga nusu saa nzima, kwa nguvu za shoo, mbele ya viti vitupu, kwa sababu kila anayejaribiwa anataka wengine wote wamsindikize. Nilipiga mistari minne kwa sauti halisi ili fundi apate kipimo chake, basi. Iliyobaki niliimba kwa mdomo huku vidole vikipita kwenye vali. Mazoezi ya chumbani niliyaacha yote. Kupasha mdomo nikakugawa mara mbili, dakika tano tano, noti za chini na za polepole, na katikati nikapumzika muda ule ule niliopiga. Baada ya shoo nilipuliza tena noti chache za chini kabisa, taratibu, kisha nikaachia midomo ipige puu kama farasi anayepumua. Watu wanacheka. Lakini inarudisha damu.

Dawa, kwa kifupi: ile ya kupunguza uvimbe aliyonipa daktari nilimeza baada ya shoo, kamwe si kabla. Jeli ya kutia ganzi nilipewa na mtu mwema nikamrudishia. Maumivu ndiyo kipimo pekee ulichobaki nacho jukwaani. Ukiyazima, mkono wa kushoto unafanya unavyotaka na wewe hujui mpaka asubuhi.

Kosa nililofanya hata baada ya yote hayo lilikuwa kusogeza mausipisi. Mpasuko ulikuwa kushoto, basi nikaiweka kulia kidogo, pengine milimita mbili. Shoo ya 9 ilikwenda vizuri, ya 10 pia. Ya 11 kona ya kulia ya kinywa ilianza kuuma, maumivu mapya, ya ndani, kama ya paja siku baada ya kupanda mlima. Nilikuwa nimeuambia msuli mmoja ubebe kazi ya wenzake. Mshiko wa midomo haujengwi wiki moja. Chet Baker alipoharibiwa meno kwa kipigo mwaka 1966, akaja kuwekewa ya bandia, ilimbidi ajifunze kupuliza upya, na alirudi jukwaani kwa uhakika miaka ya 1970 tayari imeanza. Hiyo ni miaka, kwa mtu mwenye kipaji kile. Mimi nilikuwa nataka nifanye kwa milimita mbili na usiku mmoja. Nikarudisha mausipisi mahali pake, nikakubali kwamba panauma, na nikapunguza noti nyingine tena. Penseli ilifanya kazi.

Watu wataniuliza kama ilikuwa sahihi kuendelea. Sijui kama ningemshauri mwanafunzi wangu afanye hivyo. Armstrong mwenyewe, baada ya mdomo kumsumbua Uingereza, alikaa Paris sehemu kubwa ya mwaka 1934 akiupumzisha, na aliporudi Marekani mwaka 1935 alilazimika kuupumzisha tena kwa miezi. Kama mdomo wa Satchmo ulidai miezi, wangu hauna sababu ya kudai siku. Ninachoweza kusema ni kwamba kama daktari angeona bonde lile, ningeshuka kwenye basi siku hiyo hiyo, pesa au bila pesa.

Kufikia shoo ya 15 uvimbe ulikuwa umepungua kiasi kwamba noti za chini zilianza kwa wakati, bila ule upepo wa mbele. Nilijaribiwa kuzichukua za juu. Kijana aliniona naangalia karatasi yake, akaivuta upande wake kidogo, kwa adabu, na hakunitazama.

Shoo ya 19 ina wimbo wa kufungia unaoishia kwenye C ile ya juu, imeshikiliwa mistari minne. Miaka yote ilikuwa yangu. Aliipiga yeye. Mimi nilikuwa na G ya chini yake, noti isiyomshtua mtu, nikaishikilia kwa pumzi nyingi na mkono mwepesi, na kwa mara ya kwanza nikasikia jinsi C ile inavyotetemeka kidogo kwenye mstari wa tatu kabla haijatulia. Nikamwongezea pumzi chini yake mpaka ikatulia.

Baada ya hapo sikufungua kasha la tarumbeta siku kumi na mbili. Nilipolifungua, karatasi za nyimbo zilikuwa humo bado na alama za penseli. Nimefuta karibu zote. Ya wimbo ule wa kufungia nimeiacha.