Meza Iliyojaa au Wewe na Mgawaji Tu? Dhana Potofu za Blekijeki

Wachezaji wa blekijeki, ule mchezo wa karata wa kuisaka 21, hubishana sana kuhusu mahali pa kukaa. Mmoja hataki meza yenye watu, anasema watamharibia karata. Mwingine hathubutu kukaa peke yake mbele ya mgawaji, anahofia kuwa windo jepesi. Wote wawili wanahesabu vichwa, kumbe cha kuhesabu ni migao: unagawiwa karata mara ngapi kwa saa moja?

Dhana: Mchezaji mbovu wa kiti cha mwisho huwaponza wenzake

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu humfanya mtu asiye na hatia atukanwe mbele za watu. Aliyekaa kiti cha mwisho hucheza kabla tu ya mgawaji. Tuseme mgawaji anaonyesha 6, na huyu wa mwisho ana 12. Mkakati wa msingi, yaani uchezaji bora kihesabu kwa kila hali, unamtaka atulie na alichonacho, lakini yeye anaomba karata. Inakuja 10, anavuka 21, dau limekwenda. Mgawaji anafunua karata yake iliyofichwa: 10, jumla 16. Anavuta nyingine: 5. Ana 21, na meza nzima inamgeukia yule mtu wa mwisho. Umeichukua 10 iliyokuwa imwangushe mgawaji!

Sasa zibadilishe nafasi karata hizo mbili. Ya kwanza iwe 5, ya pili iwe 10. Mtu yuleyule, kwa kosa lilelile, anapata 17, kisha mgawaji anavuta 10 na kuanguka kwa 26. Angetulia kama mkakati unavyotaka, ile 5 ingemwendea mgawaji na meza nzima ingelizwa. Amewaokoa wote, na hakuna anayempa hata asante.

Karata zimechangwa na hakuna aliyeziona. 5 kutangulia 10, au 10 kutangulia 5, uwezekano ni sawa. Alichofanya yule mtu hakina tofauti na kuzikata karata mahali pengine kidogo kabla ya kugawa. Tunakumbuka siku alizotuumiza kwa sababu zinauma. Zile alizotufaa zinapita bila kuonekana. Kucheza vibaya kunamgharimu, ndiyo, lakini kunamgharimu yeye mwenyewe.

Hoja hiyohiyo inamhusu anayejiunga mchezo ukiwa katikati, anayesemekana kukata mtiririko wa karata. Zipo meza zinazokataza kujiunga kabla karata hazijachangwa upya, na wengi huona hapo ushahidi kwamba mtiririko ni kitu cha kweli. Sababu kubwa ni nyingine: kuwazuia wahesabu karata, wanaosimama pembeni wakifuatilia zilizotoka, kisha wakakaa pale zilizobaki zinapokuwa na ree (karata ya A, inayoweza kuhesabiwa 11) na 10 nyingi, hali inayompendelea mchezaji.

Dhana: Penye watu wengi, karata nzuri huishia kwa majirani

Majirani huchukua na mbaya vilevile. Pakiti ya karata 52 ina ree 4 na karata 16 zenye thamani ya 10, tukijumlisha zile za picha. Uwezekano wa karata zako mbili za kwanza kuwa ree na 10, yaani 21 ya papo hapo, ni asilimia 4.8, takribani mara moja katika kila migao 21, uwe na watu sita kando yako au viti vitupu.

Dhana: Ukiwa peke yako, mgawaji anakuandama

Mgawaji hana uamuzi wa kufanya. Kanuni inamlazimu avute hadi afikishe 17 au zaidi, basi. Faida ya kasino inatoka kwingine: wewe unacheza kwanza, na ukivuka 21 dau lako linachukuliwa papo hapo, hata kama mgawaji naye atavuka baadaye. Hilo lipo kwenye kila meza.

Mwaka 1956 Roger Baldwin na wenzake watatu, waliokutana wakiwa jeshini Marekani, walichapisha mkakati wa msingi walioukokotoa kwa mashine za hesabu za mezani, kabla kompyuta hazijaenea. Jedwali la mkakati wa namna hiyo linakuuliza mambo mawili tu: una karata gani, na mgawaji anaonyesha ipi. Halikuulizi uko na watu wangapi.

Dhana: Basi hakuna tofauti, kaa popote

Hapa ndipo hata wale waliokwisha kuacha ushirikina wa kiti cha mwisho hupoteza pesa. Kwenye meza yenye watu saba utapata karibu migao 60 kwa saa. Ukiwa peke yako, migao 200 kwa saa ni jambo la kawaida, na mgawaji mwepesi anaweza kuzidi hapo.

Tuseme unaweka dau la 10 kila mgao, unafuata mkakati wa msingi bila kukosea, na kanuni za meza ni nzuri kiasi kwamba faida ya kasino ni nusu asilimia. Kwenye meza iliyojaa unaweka jumla ya 600 kwa saa, na kwa wastani unapoteza 3. Peke yako unaweka 2,000, unapoteza 10. Kwa anayecheza kwa kukisia, akiwa anaipa kasino asilimia 2, ni 12 dhidi ya 40. Dau halikuongezwa wala bahati haikubadilika. Saa moja tu imeshindiliwa migao zaidi ya mara tatu.

Huo ni wastani, na saa moja ina mawimbi yake, mazuri na mabaya. Lakini mawimbi nayo hukua migao ikiongezeka, kwa hiyo akiba inayokutosha jioni nzima kwenye meza iliyojaa inaweza kukauka mapema ukiwa peke yako. Anayejifunza namshauri kabisa akae penye watu, kwa sababu wenzake wakicheza yeye anapata muda wa kufikiri.

Wanaonufaika na upweke ni wahesabu karata stadi, ambao kwao hesabu imegeuka: kila mgao wa ziada unawafaa wao.

Na kuna meza tupu ambayo ni tupu kwa sababu nzuri. Soma maandishi kwenye kitambaa chake. Kama ree na 10 vinalipwa 6 kwa 5 badala ya 3 kwa 2, dau la 10 linakupa 12 mahali pa 15, na faida ya kasino inapanda kwa karibu asilimia 1.4. Ukicheza hapo peke yako, migao 200 kwa saa, ile hasara ya 10 inakuwa 38.