Waridi jekundu haliligeuzi rangi waridi jeupe

Wapenzi wengi wa bustani huamini kwamba ukipanda mwaridi mwekundu kando ya mweupe, maua yataambukizana rangi. Sivyo. Petali, yaani vijani vya ua vyenye rangi, ni sehemu ya mmea mama, na chavua (unga wa kiume wa ua) ya jirani haizibadili hata ikizimwagikia. Inachobadili ni mbegu, na mbegu hiyo lazima ipandwe, iote na ichanue ndipo rangi mpya ionekane.

Ndiyo maana kuzalisha chotara ni kazi ya mkono. Ua huchaguliwa kabla halijafunguka. Petali huondolewa, kisha stameni, vijiti vinavyobeba chavua, hung'olewa kwa kibano, moja moja, lisije likajichavusha. Stigma, ncha ya sehemu ya kike inayopokea chavua, ikianza kunata hupakwa chavua ya baba kwa brashi laini, halafu ua hufunikwa kwa mfuko wa karatasi. Mbegu za tunda moja hutoa miche inayotofautiana kama ndugu wa tumbo moja, na mingi haifai. Uvumilivu huo mimi nauheshimu sana: waridi Peace la Mfaransa Francis Meilland lilianzia kwenye uchavushaji wa 1935, likapewa jina hilo 1945. Waridi zuri likishapatikana, huzidishwa kwa kubebesha, yaani kuunganisha chipukizi lake juu ya shina la mwaridi mwingine, kwa sababu mbegu zake zingetoa maua mengine kabisa.

Na mwaridi wako "uliogeuka" rangi? Chunguza chini ya kiungo ulipobebeshwa. Mara nyingi shina la chini limechipua na kuufunika mmea ulioununua. Ling'oe chipukizi hilo kutoka linapoanzia.