Billie Holiday si mwimbaji wa vilio tu

Niliposikia mara ya kwanza kwamba Billie Holiday, mwimbaji wa Marekani, ni malkia wa jazi, mimi niliyekulia kando ya redio nikakaa kusubiri magitaa. Kwetu jazi ni Morogoro Jazz, ni Western Jazz, ni Jamhuri Jazz ya Tanga. Badala yake ikaja piano, ikafuata klarineti, kisha sauti ya mwanamke anayeimba kana kwamba ameegemea mlango anakusimulia jambo. Basi tuanze na dhana hiyo tuimalize: bendi zetu zilijipachika jina la jazi, lakini muziki wenyewe ulikuwa wa dansi na ulichota zaidi kwenye rumba ya Kuba na Kongo. Ukimwendea Billie ukimtafuta Mbaraka Mwinshehe, utatoka mikono mitupu.

"Mbona hana sauti?"

Hili husemwa hata na watu wanaojua kuimba, na lina chembe ya ukweli. Sauti yake ilipanda na kushuka ndani ya oktavu moja (toka do hadi do ya juu yake) na kitu kidogo. Waimbaji wenzake wa jazi, Ella Fitzgerald na Sarah Vaughan, walimpita mbali kwa hilo. Ila ufundi wa Billie haukukaa kwenye kupanda juu, ulikaa kwenye wakati: neno liangukie wapi, lisubirishwe kiasi gani. Mwenyewe alisema kwamba walimu wake walikuwa santuri za Louis Armstrong, mpiga tarumbeta na mwimbaji, na Bessie Smith, mwimbaji wa blues.

Tafuta wimbo "What a Little Moonlight Can Do", uliorekodiwa New York tarehe 2 Julai 1935. Alikuwa na miaka 20. Teddy Wilson yuko kwenye piano na klarineti ya Benny Goodman inatangulia. Bendi inakimbia kama basi lililochelewa stendi. Gonga meza kwa kidole kufuata mapigo, halafu Billie aingie. Yeye hana haraka. Mara nyingi neno linakuja baada ya kidole chako kugusa meza. Anaburuza sentensi nyuma hadi unadhani amepotea, kisha anafika mwisho pamoja na wenzake bila kuhema. Na ile melodi ya wimbo aliyoachiwa na mtunzi, yenye kuruka juu na chini, anaikanda mpaka zinabaki noti chache tu. Jaribu kuimba naye. Mimi nilijaribu nikiosha vyombo, nikaachwa kwenye mstari wa pili.

"Nyimbo zake zote ni huzuni"

Wanaosema hivi wamemsikia kuanzia mwishoni. Santuri zake nyingi za miaka ya 1930 zilitengenezwa zipigwe kwenye zile mashine za baa za kutumbukiza sarafu, watu wacheze na kunywa. Nyingi ni nyepesi, nyingine mashairi yake ni ya kipuuzi kabisa, naye anayaimba kwa mzaha unaousikia waziwazi. Kwenye "Me, Myself and I" ya 1937, saksafoni ya Lester Young inamfuata nyuma na kumjibu, kama marafiki wawili wanaokatizana maneno bila kugombana. Lester ndiye aliyempa jina la Lady Day. Billie naye akamwita Prez, kifupi cha "President", yaani Rais.

"Strange Fruit aliutunga yeye"

Hapana. Maneno na muziki wa wimbo huo ni vya Abel Meeropol, mwalimu wa Bronx, aliyeandika kwanza shairi kuhusu Wamarekani weusi walionyongwa na kuning'inizwa mitini. Kitabu cha maisha ya Billie, cha 1956, ndicho kilichochanganya watu, maana kinamtaja kama mmoja wa walioutengeneza muziki wake. Alichofanya hasa ni kuubeba. Pale klabu ya Café Society, New York, wahudumu waliacha kuhudumia, taa zikazimwa, ikabaki moja usoni mwake. Kampuni yake ya santuri, Columbia, ilikataa kuurekodi, akaupeleka kwa Commodore, kampuni ndogo, Aprili 1939. Upande wa pili wa santuri hiyo kuna "Fine and Mellow", wimbo wa blues alioutunga mwenyewe.

"Filamu imeshasimulia yote"

Ile ya 1972 kuhusu maisha yake, aliyoigiza Diana Ross, ina mpiga piano wa kubuni. Itazame kama filamu. Jambo lililomuumiza kikazi halina mvuto wa sinema: baada ya kifungo chake cha 1947 kwa kesi ya dawa za kulevya alinyimwa kadi ya kufanya kazi kwenye klabu za New York zinazouza pombe. Machi 1948, siku chache baada ya kutoka jela, aliujaza Carnegie Hall, ukumbi mkubwa wa New York, lakini klabu ya mtaani hakuruhusiwa kuimba.

"Sauti ilipoharibika, muziki uliisha"

Albamu ya "Lady in Satin", ya 1958, imegawanya wasikilizaji hadi leo. Mimi naipenda, ila nisingemwanzisha mtu nayo. Ni sawa na kukutana na mtu kwa mara ya kwanza akiwa wodini. Afadhali utafute kipindi cha televisheni cha CBS cha Desemba 1957, anapoimba "Fine and Mellow" akiwa amekaa kwenye stuli ndefu, wanamuziki wamemzunguka. Lester Young, mgonjwa tayari, anainuka na kupiga noti chache tu, taratibu. Wote wawili walifariki 1959, yeye Machi, Billie Julai. Wakati Lester anapiga, kamera inamgeukia Billie. Haimbi. Anamtazama, anatabasamu kidogo, anatikisa kichwa juu na chini kila noti inapotua, kana kwamba anasema: ndiyo, ndiyo, hapo hapo.