Je, wajua kwa nini huwezi kubomoa mnara wa umma hata ukiwa na hoja nzuri?

Kaa kijiweni karibu na mzunguko wa Azimio jijini Arusha, usishangae mtu akiuliza: huu mnara wenye Mwenge bado una kazi gani? Ulijengwa mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka 10, na misingi ya Azimio lenyewe ikalegezwa kule Zanzibar mwaka 1991. Mwingine atamjibu kwamba historia haing'olewi kama kibanda cha barabarani. Ubishi huo ni halali, na mtu ana haki ya kutaka mnara uondoke. Lakini hata mtaa mzima ukikubaliana naye, kwa nini asiende na nyundo?

Kwanza, mnara wa umma una mwenyewe. Mali ya umma ina mamlaka inayoisimamia kwa niaba yetu: halmashauri, Serikali Kuu, au kwa eneo la barabara, TARURA au TANROADS. Anayeibomoa bila idhini anaweza kushtakiwa kwa kuharibu mali kwa makusudi, na hakimu hataanza kwa kuuliza kama aliyeenziwa pale alikuwa shujaa au dhalimu. Tena, chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Waziri anaweza kutangaza mnara kuwa urithi unaolindwa. Ukishatangazwa, hata mwenye mali haugusi bila kibali.

Sababu ya pili ndiyo nzito zaidi kwangu: kifusi hakirudi kuwa mnara. Ndiyo maana mahakama zina zuio la muda. Tangu kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969, majaji wetu huangalia mambo matatu: kama kuna hoja ya kweli ya kusikilizwa, kama muombaji atapata hasara isiyofidika kwa fedha, na ni upande upi utaumia zaidi. Mnara unaotaka kuvunjwa kesho asubuhi unaingia moja kwa moja kwenye jambo la pili.

Hapo kuna kikwazo ambacho wengi hukigundua wakiwa wamechelewa. Kuishtaki Serikali, halmashauri zikiwemo, kunahitaji notisi ya siku 90, na katapila halisubiri siku 90. Kwa hiyo mawakili huiomba Mahakama Kuu zuio linaloitwa la Mareva, la kulinda hali ilivyo mpaka siku hizo ziishe. Likitolewa, linamfunga mkurugenzi sawasawa na kijana mwenye nyundo. Atakayelipuuza anaidharau mahakama.

Tazama walikopita wengine. Cape Town, Machi 2015, wanafunzi walianza kudai sanamu ya Cecil Rhodes iondolewe chuoni kwao. Baraza la chuo likapiga kura, mamlaka ya urithi ya jimbo ikatoa kibali, na tarehe 9 Aprili winchi ikainyanyua. Mwezi mmoja tu. Bristol, Uingereza, Juni 2020, umati ulivuta kwa kamba sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa, ukaitupa bandarini. Simtetei Colston hata kidogo. Lakini kesi iliendelea hadi Januari 2022, na ingawa washtakiwa wanne waliachiwa huru, habari ikawa ya watu wanne kizimbani badala ya maelfu waliosafirishwa kwa minyororo.

Hata sisi tuna mfano. Wajerumani walisimamisha sanamu ya gavana wao Wissmann pale Dar es Salaam. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaing'oa, na mwaka 1927 wakazindua Sanamu ya Askari tunayoijua. Wenyeji hawakuulizwa sanamu ya kwanza ilipowekwa, wala ilipoondolewa. Ndivyo inavyokuwa pale mwenye nguvu anapoamua peke yake, na mimi sioni tofauti kubwa awe gavana au umati.

Kwa mkazi wa Arusha leo, njia inaanza kwa diwani wake. Mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa wananchi kusikiliza, na barua kwa Mkurugenzi wa Jiji, yenye saini za wakazi na nakala kwa Idara ya Mambo ya Kale, inaweza kutumika kama ushahidi siku suala likifika mahakamani. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa.