Jenereta ikigoma kuwaka, kosa si lazima liwe la betri
Kwa wengi wanaotunza jenereta za akiba, hukumu ni ileile miaka yote: stata (mota ya kuwashia) ikishindwa kuzungusha injini, betri imekufa, inunuliwe nyingine. Mara nyingi betri inasingiziwa. Alteneta, kifaa cha injini kinachozalisha umeme, huchaji betri pale tu injini inapozunguka, na jenereta ya akiba hukaa wiki nzima imelala huku paneli yake ya udhibiti ikiendelea kunyonya umeme kidogo kidogo. Wakati huo wote betri hutegemea chaja ndogo inayolishwa na umeme wa gridi. Chaja hiyo ikifa, hakuna anayesikia.

Basi pima kabla ya kununua. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma takriban 12.6, chaja ikiwa kazini utaona karibu 13.5, au 27 kwenye mfumo wa volti 24. Ukipata 12.2 na gridi ipo, kagua fyuzi na nyaya, kisha ishuku chaja. Ukipata 15 kutwa nzima, chaja inaichemsha betri, na hata mpya itakauka maji vilevile.

Kabla ya kubadilisha chaja, zima swichi ya jenereta, maana jenereta ya otomatiki huweza kujiwasha mikono yako ikiwa ndani. Kata umeme wa gridi, kisha fungua waya hasi wa betri kwanza. Wakati wa kurudisha, hasi uwe wa mwisho. Sigara mbali: haidrojeni, gesi inayotoka kwenye betri inapochajiwa, huweza kulipuka ikifika asilimia 4 tu hewani. Chaja mpya ilingane na volti na aina ya betri.