Kwa nini dobi hunyunyizia shati maji kabla ya kulipiga pasi?

Dobi wa zamani alijaza maji mdomoni, akayapuliza juu ya shati kama ukungu, ndipo akashusha pasi ya mkaa. Siku hizi kuna chupa ya kupulizia, na pasi nyingi za umeme zina tangi la maji, ila kazi ni ileile. Jaribu kunyoosha shati la pamba likiwa kavu kau: utasugua mpaka mkono uchoke, na mkunjo wa kiwiko uko palepale.

Pamba karibu yote ni selulosi, yaani molekuli ndefu mithili ya kamba zilizolala ubavu kwa ubavu. Zinashikana kwa vifungo vya haidrojeni, yaani mvutano mdogo kati ya molekuli jirani. Kifungo kimoja ni dhaifu, lakini viko vingi mno, na wingi huo ndio unaoipa pamba ukakamavu. Ukibanwa kwenye daladala huku jasho likikutoka, vifungo huachia hapa vikashika pale. Jasho likikauka, mkunjo umefungwa.

Kuunyoosha ni kuvilegeza upya. Joto peke yake lingeweza, tatizo ni kiasi chake: selulosi kavu kabisa huanza kulainika ikipita nyuzijoto 200, na hapo shati nalo linakaribia kuungua. Maji hupita njia ya mkato. Molekuli zake ni ndogo, hujipenyeza katikati ya kamba na kushikana nazo, kamba zikaachana. Ndiyo maana kanga iliyotoka kwenye beseni hulegea mkononi bila moto wowote.

Basi pasi ya nini? Inakilaza kitambaa, inaharakisha ulegevu huo, kisha inayafukuza maji kabla kitambaa hakijajikunja tena. Vifungo hujifunga upya kikiwa kimenyooka. Hapa ndipo wengi tunapoharibu, mimi nikiwemo: shati linavaliwa likiwa na unyevunyevu, na mikunjo inarudi kabla hujafika kituoni.

Poliesta ina tabia nyingine. Katika hewa ya kawaida pamba hubeba maji kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake, sufu kama 16, lakini poliesta haifikishi hata asilimia 1. Maji hayana pa kuingilia, kwa hiyo poliesta husikiliza joto tu. Hulegea kwenye nyuzijoto 70 hadi 80 hivi, na ikikaribia 260 huyeyuka. Pasi kali mno huiacha inang'aa au ikinata. Marinda ya sketi ya shule hudumu kwa sababu hiyo: yalipigwa kwa joto kali ambalo maji ya kufulia hayalifikii. Ila iloweke poliesta kwenye maji yaliyochemka, kisha ikamue kwa kuisokota, na hapo umeipiga marinda yako mwenyewe. Kuyatoa ni kazi.

Sufu iko upande wa pamba, kwani ni nywele za kondoo, na nywele zote hupenda maji. Waliotoka saluni wakiwa wamenyooshwa nywele kwa pasi wanalijua hilo. Hakuna dawa iliyotumika pale, ni vifungo vilevile vya haidrojeni vilivyolazwa kwa joto, na manyunyu kidogo tu yanatosha kuvifungua.