Kipindi cha sayansi: mwache mtoto abashiri kwanza

Walimu wa shule za msingi wa hapa Arusha na Moshi tukikutana kwenye semina chuoni malalamiko ni yaleyale, maabara hatuna, darasa lina watoto themanini, kipindi kimepangwa mchana jua kali wanasinzia. Sibishi, yote ni kweli. Ila nikienda kukaa dawati la nyuma kuangalia somo linavyofundishwa naona tatizo jingine kabisa, jibu linatangulia swali. Mwalimu anaingia, anaandika ubaoni "asidi hubadili litmasi ya bluu kuwa nyekundu", wananakili, wanaitikia kwa pamoja, basi. Sasa hapo mtoto ashangae nini wakati mwisho wa hadithi ameshaambiwa?

Tuchukue mada hiyohiyo ya asidi, kama ndimu, na besi, kama magadi. Pita sokoni Kilombero au Mbuyuni nunua choya kavu kidogo, ndimu na magadi, litmasi, ile karatasi ya kupimia asidi, achana nayo. Loweka choya kwenye maji ya moto mpaka yawe mekundu sana, chuja, gawa kwenye glasi tatu au vitako vya chupa za plastiki za maji ulizokata. Halafu usimimine kitu! Hapa ndipo wengi wetu tunaharakisha. Uliza kwanza, nikikamulia ndimu rangi itakuwaje, na nikitia magadi je? Kila mtoto aseme lake na aseme kwanini, andika ubaoni, nani anasema itabaki hivyohivyo, nani anasema itakuwa nyeupe. Usiseme nani kapatia. Mtoto akishasimama mbele ya wenzake kusema "itakuwa nyeusi mwalimu" hawezi kusinzia tena, anataka ajue kama kapata.

Sasa mimina. Ya ndimu inakolea wekundu unaong'aa, ya magadi inageuka kijani, magadi yakiwa machache inaishia kwenye zambarau au bluu chafu, glasi ya tatu iache kama ilivyo ya kulinganishia. Kelele zitatoka mpaka mwalimu mkuu achungulie dirishani, mwache achungulie. Wakitulia mimina maji ya ndimu kwenye ile ya kijani taratibu, wataona mapovu na wekundu unarudi. Mapovu ni kabonidayoksaidi, inatoka asidi inapokutana na magadi. Hapo ndo uandike ubaoni maneno asidi na besi, wala hutahitaji kuwakaririsha. Na wasionje, magadi yasiingie machoni.

Kazi ya nyumbani wasipewe maswali kumi ya kunakili, waende wakamuulize bibi kwanini anatia magadi kwenye kiburu, kile chakula cha ndizi na maharage. Bibi atasema maharage yaive upesi, na yuko sahihi, magadi ni besi na inalegeza ile pektini inayoshikilia kuta za seli za maharage. Mtoto wa Uchagani amekula hiyo besi tangu anaota meno, na magadi yenyewe yanapatikana hukohuko Ziwa Natron mkoani Arusha, halafu tunamfundisha kana kwamba asidi na besi ni vitu vya Ulaya.

Kuhusu wingi wa watoto, makundi ya nane nane yanasaidia ila angalia nani anashika glasi. Mara nyingi ni yuleyule kijana mchangamfu, wasichana wanaachiwa kuandika. Zungusha kazi. Na kama vifaa ni vya kundi moja tu fanya wewe mbele, sio dhambi, cha muhimu wawe wamebashiri.

Kuna walimu wanaogopa kwamba wakiruhusu maswali watakosa jibu. Erasto Mpemba mwaka 1963 akiwa Magamba sekondari kule Lushoto aliona maziwa yake ya aiskrimu aliyoyaweka kwenye friji yakiwa bado moto yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa, akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Hakuacha kuuliza, alipokuwa sekondari ya Mkwawa Iringa akamuuliza Dk Denis Osborne wa chuo kikuu Dar, wenzake wakamcheka, ila Osborne akaenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja, wakati huo Mpemba yuko chuo cha wanyamapori cha Mweka, hapo juu ya Moshi. Mpaka leo wanafizikia wanabishana kwanini inatokea na hata kama inatokea kila mara. Kwahiyo "sijui, tujaribu" ni jibu halali kabisa la mwalimu wa darasa la nne.

Kama hata hela ya choya haipo, simika kijiti wima uwanjani. Waulize saa sita na nusu mchana kivuli kitalala upande gani, kisha wachore alama kila mwezi. Mwezi wa sita kitaelekea kusini, mwezi wa kumi na mbili kaskazini, na mwanzoni mwa Oktoba kinakaribia kupotea kabisa, inajirudia tena kwenye tarehe kumi hivi za Machi. Mawingu ya Juni yatawasumbua hasa Moshi, wekeni siku mbili tatu za akiba.